John von Neumann, aliyeupigia hesabu uongo wa karata

John von Neumann alizaliwa mjini Budapest, Hungary, tarehe 28 Desemba 1903, katika familia ya Kiyahudi ya mwenye benki. Mwaka 1926 alipata shahada ya udaktari wa hisabati, na baadaye akafundisha Berlin.

Mwaka 1928 alichapisha makala kuhusu michezo ya watu wawili, ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake. Alithibitisha kwamba ipo njia bora ya kucheza ambayo mpinzani hawezi kuivunja hata akiijua mapema. Sataranji haikumtosha kuwa mfano, kwani kete zote ziko wazi. Alichagua poka, ambayo kila mchezaji huficha karata zake, na mwaka 1944, akiwa Princeton, Marekani, aliichambua katika kitabu alichoandika pamoja na mwanauchumi Oskar Morgenstern.

Jawabu lake lilikuwa la ajabu kidogo. Mwenye karata nzuri apandishe dau, mwenye za wastani atulie, na mwenye karata mbovu kabisa, mara mojamoja, apandishe dau kana kwamba anazo nzuri. Karata za wastani huenda zikashinda zikifunuliwa bila dau. Zile mbovu hazina tumaini jingine ila kubabaisha.

Tuseme mezani zipo sarafu 100, na mchezaji anaongeza 100 nyingine. Mpinzani mwenye karata za wastani atalazimika kutoa 100 ili apate 200. Ikiwa dau moja kati ya kila matatu ni la kubabaisha, mpinzani huyo hapati nafuu yoyote, alipe au ajitoe. Uongo ukizidi hapo, atalipa kila mara. Ukipungua, atajitoa, na karata nzuri zitakosa wa kuzilipa.

Hesabu hiyo haina kazi kwenye zile meza za kasino ambako mchezaji hupambana na nyumba yenyewe. Mgawa karata hufuata kanuni iliyowekwa, wala hatishiki. Kinachobaki ni kupima uwezekano na kuamua kuendelea au kuacha.

Von Neumann mwenyewe hakusifika kwa ushindi wa mezani. Alipiga hesabu za mlipuko wa bomu la plutoni, la aina iliyoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Vita vilipokwisha, mpinzani akawa Umoja wa Kisovieti, naye akashauri ushambuliwe kabla haujajizatiti. Ushauri huo haukufuatwa, na tunaoishi leo tuna kila sababu ya kushukuru.

Mwaka 1955, mwaka aliojiunga na Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, aligunduliwa kuwa na saratani. Alifariki dunia tarehe 8 Februari 1957 katika hospitali ya kijeshi mjini Washington, akiwa na umri wa miaka 53. Marafiki walishangaa alipoomba padri wa Kikatoliki. Waliomhudumia kitandani walikuwa wanajeshi wenye kibali cha kusikia siri za taifa, ili akiweweseka kwa dawa, asimfunulie asiyestahili.