Walter Harper, aliyetangulia kileleni Denali
Mtu wa kwanza kukanyaga kilele cha Denali, huko Alaska nchini Marekani, alikuwa kijana mwenyeji wa miaka 20. Walter Harper alizaliwa mwaka 1893; mama yake alitoka jamii ya Koyukon, baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland. Alilelewa na mama, akajua kuwinda na kuendesha mbwa wakokotao mizigo juu ya theluji kabla hajajua kusoma.

Mwaka 1913 aliupanda mlima huo wa mita 6,190, mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, pamoja na kasisi Hudson Stuck, Harry Karstens na Robert Tatum. Tetemeko la mwaka uliotangulia lilikuwa limeuvunjavunja ukingo wa barafu, hivyo Harper na Karstens wakatumia takriban wiki tatu kuchonga ngazi kwa shoka. Juni 7 Harper alitangulia siku nzima. Stuck, kiongozi wa msafara, alifika juu akiwa taabani kwa kuishiwa pumzi; hata hivyo, kwa uungwana, hakuficha ni nani aliyemtangulia.

Harper alikusudia kuwa daktari, arudi kuwatibu watu wa kwao. Septemba 1918 alimwoa muuguzi Frances Wells, na mwezi uliofuata wakapanda meli Princess Sophia kuelekea masomoni. Meli ilikwama mwambani karibu na Juneau. Vyombo vya uokoaji vilifika, lakini bahari ilikuwa imechafuka mno, abiria wakaambiwa wangoje. Baada ya karibu saa 40, Oktoba 25, ilizama na wote waliokuwamo. Harper na mkewe walizikwa Juneau, bega kwa bega.