Mt. Ambrosi wa Milano: Askofu Aliyeyeyusha Kalisi

Tarehe 7 Desemba, siku moja kabla ya Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mt. Ambrosi, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Kwa kuwa inaangukia Majilio, mara nyingi kumbukumbu hii hupita kimya. Wengi wetu tunamfahamu kama yule aliyembatiza Mt. Agostino, basi. Lakini miaka michache kabla ya ubatizo huo alitenda jambo lililomletea lawama kubwa mjini kwake: alichukua vyombo vitakatifu vya kanisa, akavivunja, akaviyeyusha, na dhahabu yake ikatumika kuwakomboa mateka. Nimeona niandike habari zake kwa sababu ya jambo hilo moja, ingawa nitalazimika kuyagusa na mengine.

Ambrosi alizaliwa karibu mwaka 339 mjini Trier, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa kiongozi mkubwa wa serikali ya Kiroma huko Galia. Baba alipofariki, mama alirudi Roma na watoto wake watatu: Marselina, Satiro na Ambrosi. Marselina, aliyekuwa mkubwa wao, alijiweka wakfu kuwa bikira mikononi mwa Papa Liberio. Wavulana wawili walisomea sheria na ufasaha wa kusema, njia ya kawaida ya vijana wa familia zenye uwezo kuingia serikalini. Miaka ya 370 ilipoanza, Ambrosi alikuwa gavana wa jimbo la kaskazini mwa Italia, makao yake yakiwa Milano. Alikuwa kijana bado, mwenye cheo, mwenye mashamba, na mkatekumeni tu. Hakuwa amebatizwa.

Mwaka 374 alifariki Askofu Auksensio wa Milano, aliyekuwa upande wa Waario, yaani wale waliokana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Wakatoliki na Waario wakakusanyika kanisani kumchagua askofu mpya, na hali ikachafuka. Gavana akaenda kutuliza watu, kama ilivyompasa. Paulino, katibu wake aliyeandika maisha yake baadaye, anasimulia kwamba sauti ya mtoto ilisikika ikimtaja Ambrosi kuwa askofu, na pande zote mbili zikaipokea. Yeye alikataa kwa kila hila. Paulino anasema hata aliruhusu wanawake wa sifa mbaya waonekane wakiingia nyumbani kwake ili watu wamkinai, na usiku mmoja alijaribu kutoroka kwenda Pavia, lakini kulipokucha akajikuta yuko kwenye lango la Milano ileile. (Sisi mafrateri tunaosali miaka mingi tujaliwe upadre tusome sehemu hiyo kwa unyenyekevu.) Mwishowe alikubali. Akabatizwa, na siku ya nane akawekwa wakfu kuwa askofu, tarehe 7 Desemba 374.

Mara baada ya hapo alitoa dhahabu na fedha zake kwa Kanisa na kwa maskini. Mashamba nayo aliyakabidhi kwa Kanisa, ila mapato yake yamtunze dada yake Marselina maisha yake yote. Utaratibu huu naupenda. Hakumtupa ndugu yake ili aonekane mtakatifu. Satiro akaacha kazi yake serikalini, akaja kumsaidia kusimamia mambo ya nyumba.

Tarehe 9 Agosti 378 jeshi la Kiroma lilishindwa vibaya na Wagothi karibu na Adrianopoli, mji unaoitwa leo Edirne, nchini Uturuki. Kaisari Valens mwenyewe aliuawa. Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia Wagothi katika nchi za Thrakia na Iliriko. Watu walichukuliwa mateka kwa wingi, wanaume kwa wanawake, na wengi wakauzwa. Ambrosi alikuwa Milano, mbali na mapigano, lakini habari zilimfikia, na bei ya kuwakomboa ilikuwa inajulikana. Fedha ya kawaida haikutosha. Ndipo akageukia vyombo vya kanisa.

Waario walimshika hapohapo. Walisema amelipora hekalu la Mungu. Tusiwacheke haraka. Kalisi si bakuli. Inawekwa wakfu kwa ajili ya Damu ya Kristo, na muumini wa kawaida, hata leo, angeshtuka kusikia askofu ameipeleka kwa mfua dhahabu. Pia wako wanahistoria wa siku hizi wanaohisi kwamba vyombo vile vilikuwa sadaka za waumini wa wakati wa Auksensio, na kuviyeyusha kulifuta kumbukumbu ya Waario pale kanisani. Huenda. Ambrosi alikuwa mwanasiasa hodari, wala sioni haja ya kulificha hilo. Lakini mateka waliorudi kwa watoto wao walirudi kweli.

Majibu yake yamo katika kitabu alichowaandikia mapadre wake miaka kadhaa baadaye, kuhusu wajibu wa watumishi wa Kanisa. Hoja yake ni kwamba Kanisa halikupewa dhahabu ili liirundike, bali ili liitoe panapokuwa na shida. Sakramenti hazihitaji dhahabu, maana kile kisichonunuliwa kwa dhahabu hakipati heshima yake kutoka kwa dhahabu. Anamkumbusha msomaji Mt. Laurenti, shemasi wa Roma, aliyeagizwa alete hazina za Kanisa akawaleta maskini. Anauliza Bwana atasema nini kwa askofu aliyeacha watu wauzwe na kuuawa huku stoo yake imejaa vyombo vinavyong'aa. Kwake, vyombo vilivyo hai vilipaswa kuhifadhiwa kabla ya vile vya madini.

Hata hivyo hakufungua mlango wazi kwa kila mtu kuuza mali ya Kanisa. Aliweka masharti, na hapa gavana wa zamani anaonekana. Vyombo hata vilivyowekwa wakfu vinaweza kuvunjwa kwa sababu tatu: kukomboa mateka, kujenga kanisa, na kupanua makaburi ya waamini. Kwanza vitafutwe vile ambavyo havijatumika bado. Na kalisi isitoke kanisani ikiwa na umbo lake, isije ikaishia kwenye meza ya walevi. Ivunjwe na kuyeyushwa ndani, ndipo dhahabu itoke.

Sisi tunaosoma falsafa tunajua kwamba kitabu hicho kimechukua jina na mgawanyo wa sehemu tatu kutoka kwa Cicero, aliyeandika juu ya wajibu zaidi ya miaka 400 kabla. Katika sehemu ya tatu Cicero anataja swali la Hekato, Mstoa mmoja. Chombo kimepigwa na dhoruba, lazima shehena itupwe baharini. Mwenye mali ana farasi wa thamani kubwa na mtumwa wa bei ndogo. Amtupe yupi? Cicero anasema faida inavuta huku na utu unavuta kule, halafu anapita kwenda swali jingine. Nikisoma vitabu hivi viwili pamoja naona kwamba swali la farasi na mtumwa lilimfikia Ambrosi likiwa na uzito mkubwa zaidi: mahali pa farasi pana kitu kitakatifu, na mahali pa mtumwa pana mgeni wa mbali asiyemfahamu. Naye hakupita. Kwake mwanadamu hana bei ya kulinganishwa, kwa kuwa amekwisha kununuliwa na Kristo. Lugha yetu inalisema hilo bila kuhangaika: anayelipa ili kitu kilichowekwa rehani kirudi anakikomboa, na Yesu tunamwita Mkombozi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuwakomboa watoto katika soko la watumwa la Zanzibar walikuwa ndani ya desturi hiyohiyo ya zamani.

Mengine ya maisha yake yanajulikana zaidi. Mwaka 386 alikataa kumpa Justina, mama yake Kaisari Valentiniano wa Pili, kanisa kwa ajili ya Waario, akajifungia ndani pamoja na waumini huku askari wakizunguka nje, na watu wakaimba tenzi ili wasichoke. Mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 alimbatiza Agostino. Mwaka 390 Kaisari Theodosi alilipiza kisasi huko Thesalonike kwa kifo cha kamanda wake, na maelfu ya watu wakauawa. Ambrosi alimwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe, akimjulisha kwamba hataweza kutolea Misa mbele yake mpaka afanye toba. Kaisari alitubu hadharani.

Lipo na doa. Mwaka 388 Wakristo wa Kaliniko, karibu na mto Frati, walichoma sinagogi la Wayahudi, na Kaisari akaagiza askofu wa pale alijenge upya. Ambrosi alimbana Kaisari mpaka akaifuta amri hiyo. Hapo sioni namna ya kumtetea. Mtu aliyejua kwamba jengo na dhahabu ni vitu vya kutolewa kwa ajili ya watu hakuona kwamba waliochomewa nyumba yao ya sala nao walikuwa watu wenye haki ya kulipwa. Waandishi wengine wa maisha ya watakatifu huliruka tukio hili, nami nadhani wanamkosea Ambrosi mwenyewe, ambaye hakuwaficha wakubwa makosa yao.

Alifariki alfajiri ya Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili 397. Mwili wake uko Milano, katika basilika iliyo na jina lake.

Wakati huo Agostino alikuwa askofu wa Hippo, Afrika ya Kaskazini. Posidio, rafiki yake aliyeishi naye miaka mingi, ameandika kwamba Agostino naye aliagiza vyombo vitakatifu vivunjwe na kuyeyushwa kwa ajili ya mateka na maskini, na kwamba wapo waliomlaumu. Posidio anaongeza kwamba asingalitaja jambo hilo kama asingaliona watu wakilichukia.