Daktari wa Waliopaliwa

Kila tarehe 3 Februari twajongea altareni ili makoo yetu yabarikiwe kwa maombezi ya Mtakatifu Blasi, ambaye mapokeo yasema alimwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Leo twapenda kumkumbuka mtu mwingine aliyeifanya kazi ya namna hiyo kwa mikono yake: Daktari Chevalier Jackson wa Marekani.

Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1865. Alikuwa mtoto mwenye umbo dogo na moyo mpole, na wenzake shuleni walimtesa mno. Siku moja walimfunga macho wakamtupa katika shimo la makaa ya mawe, na mbwa ndiye aliyesababisha apatikane. Yamkini ndiyo maana maisha yake yote hakuweza kuvumilia kuona kiumbe dhaifu akiteseka.

Alihitimu uganga Philadelphia mwaka 1886. Siku zile, mtoto ambaye pini imemwingia mapafuni alihesabiwa kuwa maiti. Jackson alitengeneza bomba jembamba lenye taa ndogo nchani, akalipitisha kinywani, akakiona kitu pale kilipokwama, akakitoa kwa koleo refu pasipo kupasua kifua. Kazi hiyo haikutaka nguvu. Pini iliyo wazi ikivutwa kwa pupa hurarua nyama. Yampasa mganga kwanza aifunge au aigeuze humohumo gizani. Ndiyo sababu alifanya mazoezi bila kuchoka, akawafundisha na wengine. Maskini hakuwadai kitu, naye mwenyewe aliugua kifua kikuu mara tatu.

Hata hivyo, si pini zilizomhuzunisha kuliko yote, bali magadi makali ya kusafishia nyumba. Watoto waliyanywa wakidhani ni sukari au maziwa, umio ukaungua, ukapona kwa kujifunga. Aliletewa msichana mdogo ambaye kwa siku nyingi hakuweza kumeza hata maji. Jackson alitoa uchafu ulioziba, kisha mtoto akapewa bilauri. Alionja kwa hofu, maji yakashuka, akaonja tena. Ndipo akaisogeza bilauri kando, akaushika mkono wa daktari, akaubusu.

Kwa miaka mingi Jackson aliwasumbua wabunge, mpaka mwaka 1927 ilipotiwa sahihi sheria ya kulazimisha chupa na makopo ya sumu hizo yaandikwe onyo.

Vitu alivyovitoa hakuwarudishia wenyewe, jambo lililowaudhi baadhi yao. Alivihifadhi vyote na kuandika habari za kila kimoja. Wazazi aliwaonya wasiwape watoto wadogo karanga, na watu wazima aliwaambia watafune hata maziwa. Alifariki mwaka 1958, akiwa na miaka 92. Vitu vile 2,374, sarafu, vifungo, mifupa, kufuli, hata darubini ndogo ya kuchezea, vimewekwa katika makumbusho ya Mütter huko Philadelphia, vimepangwa katika saraka zao.