Yohana wa Rabai



Jioni ya mazoezi hapa Kisumu Ndogo, mtu akiita John pale mlangoni huitika zaidi ya mmoja. Tunao akina John, Johana na Yohana, na akina dada Joan ambao jina lao limetoka shina hilo hilo. Majirani zetu Waislamu humwita Yohana Mbatizaji Yahya. Kwa Kiebrania jina ni Yohanan, yaani Mungu ametenda kwa neema.

Katika jubilei hii tumkumbuke Yohana mmoja aliyetumika katika kaunti yetu: mmisionari Johannes Rebmann. Johannes ni Yohana kwa Kijerumani.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Mwaka 1846 alifika Mombasa kumsaidia Johann Ludwig Krapf, naye pia Yohana, na wote wawili wakaanza kazi Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo, wataalamu wa Ulaya walimkejeli. Hawakuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta.

Krapf alirudi kwao mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki. Alikaa pwani hii miaka 29, na waliobatizwa walikuwa wachache mno. Mwaka 1866 mkewe Emma akafariki. Kisha macho yake yakafifia mpaka akawa kipofu kabisa. Mtu angemwangalia, angeuliza neema iliyo katika jina lake iko wapi.

Lakini Rebmann hakuketi bure. Alikusanya maneno ya lugha za huku, akatafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Luka ndiyo Injili inayosimulia jinsi mzee Zakaria, akiwa bubu, alivyoandika jina la mwanawe kibaoni, na papo hapo ulimi wake ukafunguka. Mwenye jina hilo ndiye aliyetupatia habari hiyo kwa lugha yetu, huku macho yake yenyewe hayakufunguka tena.

Mwaka 1875 alisafiri kurudi Ulaya, akiongozwa na Isaka Nyondo, Mkristo wa Rabai. Wale wachache hawakuwa bure: mmoja wao alikuwa macho yake njiani. Mwaka 1876 Luka ya Kiswahili ilichapishwa, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo Rebmann akalala huko Korntal, Ujerumani.

Wanakwaya wenzangu, ziko Jumapili tumeimba mbele ya viti vitupu tukarudi nyumbani tumevunjika moyo. Tumkumbuke Yohana wa Rabai. Nanyi mnaoitwa kwa jina lake, mkiitwa mlangoni, itikeni mkijua mmeitiwa neema.

Jubilei njema, na Mungu awabariki.

Katibu wa Kwaya