Maria Fearing, Mama wa Mputu: alianza kusoma na miaka 33, akafika Kasai na miaka 56

Wandugu wafanyakazi wa mine, na ninyi wamama munaolinda nyumba ku kampi, leo ninataka kuwaelezea maisha ya mama mumoja. Huyu mama hakuchimba hata jiwe moja la shaba. Lakini kila mara ninapomuona ndugu wa kazi anaweka kidole mu wino, chini ya karatasi asiyoweza kusoma, ninamufikiria yeye.

Jina lake ni Maria Fearing. Alizaliwa tarehe 26 Julai 1838, karibu na Gainesville, mu jimbo la Alabama, kusini ya Marekani. Baba na mama yake walikuwa watumwa, basi na yeye alizaliwa mutumwa. Kwa bwana wake alihesabiwa pamoja na farasi na majembe. Kungali mutoto, walimutosha kwa mama yake, wakamuweka mu nyumba kubwa ya wazungu, atumike kazi za ndani na kulinda watoto wao. Kusoma? Hapana. Tangu mwaka 1832 sheria ya Alabama ilikataza mutu yeyote kufundisha mutumwa kusoma. Aliyevunja hiyo sheria alilipa faini kubwa. Wenye mali walijua vizuri: mutu anayesoma karatasi ataanza kuuliza maulizo.

Lakini bibi wa ile nyumba alikuwa na desturi ya kuelezea watoto wake habari za Biblia, na habari za wamisioneri wanaokwenda Afrika. Maria alikuwa pale pale, anasikia. Yale maneno yakamuingia mu roho, yakabaki.

Mwaka 1865 vita ya Marekani ikaisha, utumwa ukaisha. Maria alikuwa karibu na miaka 27. Uhuru aliupata, lakini hakuwa na feza, hakuwa na shamba, hakujua hata kuandika jina lake. Alitumika kazi za nyumba miaka mingi. Halafu akasikia kwamba ku Talladega, mu ile ile Alabama, kuna masomo ya watu weusi. Sikieni namna yale masomo yalianzishwa. Mbele ya vita, nyumba yake ilijengwa kwa watoto wa wazungu, na watumwa ndio waliotia mikono yao mu ile kazi. Mumoja wao, William Savery, alikuwa fundi wa mbao. Baada ya uhuru, Savery na wenzake ndio waliosimama juu ya watoto wao wapate masomo, na ile nyumba ikawa ya watoto weusi. Aliyejenga kwa ajili ya mutoto wa bwana, mwishoni mutoto wake mwenyewe aliingia ndani.

Maria alienda kule na miaka 33. Aliikaa pamoja na watoto wadogo, anashika a, e, i, o, u. Huku anasoma, huku anatumika ili alipe masomo yake. Ninafikiri walimucheka, sababu watu wanachekaka mutu muzima mwenye kushika kitabu cha watoto. Yeye hakuacha. Alifika mupaka mwaka wa 9 wa masomo, akawa mwalimu, akafundisha watoto upande wa Anniston. Kisha alirudi Talladega kusaidia kulinda wasichana wanaolala ku masomo. Franga kwa franga aliweka akiba, akanunua nyumba yake mwenyewe. Kwa mutu aliyekuwa yeye mwenyewe mali ya mutu, ile nyumba haikuwa kitu kidogo.

Karibu mwaka 1894 akafika ku Talladega pasta mweusi, William Sheppard. Sheppard alikuja Kongo mara ya kwanza mwaka 1890, pamoja na muzungu Samuel Lapsley, wakajenga misioni ya Presbiteri kule Luebo, mu Kasai. Lapsley alikufa mwaka 1892. Sasa Sheppard alikuwa anatafuta watu wa kurudi naye. Maria aliposikia, yale maneno ya utoto yakaamuka. Aliomba kwenda.

Wakubwa wa Kanisa wakakataa kumulipa. Walisema ni muzee, alikuwa karibu na miaka 56, na Kongo iliua hata vijana. Sasa Maria akafanya nini? Akauzisha ile nyumba yake. Wamama wa kanisa moja la Talladega wakamuongezea dola 100. Akarudi kwa wakubwa, akawaonyesha kwamba safari atailipa mwenyewe. Hapo hawakuwa tena na neno.

Walipanda mashua New York mu mwezi wa 5, mwaka 1894: Sheppard na muke wake Lucy, Lillian Thomas, Henry Hawkins, na Maria. Wote watu weusi. Train ya Matadi mupaka Léopoldville haikuwa bado, ilimalizika paka mwaka 1898. Basi ile kipande ilikuwa safari ya barabara ya miguu, pamoja na wabeba mizigo, mu milima na mu jua kali. Kisha mashua ya moshi mu muto Kongo na mu muto Kasai, mupaka Luebo.

Ile Kasai aliyoikuta ilikuwa mu mateso. Biashara ya watu ilikuwa inaendelea. Walivamia vijiji, wakakamata watoto, zaidi wasichana, wakawauzisha mbali na kwao. Maria alimuona mutoto wa kike mwenye kamba, akajiona yeye mwenyewe. Alianza kuwakomboa. Alitoa chumvi, vitambaa, ushanga, vyombo vya chuma, na mutoto akaachiliwa. Aliwajengea makao, yakaitwa Pantops. Mule wasichana walijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu, kushona, kulima, kulinda nyumba na neno la Mungu. Maria alijifunza Tshiluba, akafundisha mu Tshiluba. Watoto walimupa jina Mama wa Mputu, ni kusema mama aliyetoka mbali, ng'ambo ya bahari. Baada ya miaka 2 hivi, Kanisa likakubali kumulipa kama misioneri mwingine. Kazi yenyewe ilimusemea.

Wakati ule Kongo ilikuwa ya Leopold II, na watu walilazimishwa kutafuta mupira mu pori. Mwaka 1899 Sheppard alifika mu kambi ya waaskari waliotumwa kukamatisha kodi, akahesabu mikono 81 ya watu, imekatwa, inakaushwa ku moto. Aliandika. Mwaka 1908 aliandika tena juu ya mateso ya watu wa mupira, na Compagnie du Kasai ikamushitaki. Mwaka 1909 akasimama mbele ya tribinali kule Léopoldville. Wakili wake alikuwa Émile Vandervelde, mukubwa wa chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji, aliyetoka Ulaya kumutetea. Sheppard akashinda. Sisi watu wa sendika tusisahau ile siku. Na mama Maria alikuwa mu ile ile misioni, anafundisha wasichana alfabeti kila asubui. Mumoja alishitaki uovu mbele ya dunia, mwingine alilea watoto walioponyoka. Ni kazi moja.

Aliacha Kongo mwaka 1915, baada ya miaka zaidi ya 20, na umri zaidi ya 75. Mutu angesema sasa apumuzike. Yeye alirudi Alabama, akafundisha tena watoto mu masomo ya kanisa kule Selma. Alikufa mu mwezi wa 5 mwaka 1937, alibakiza miezi 2 tu atimize miaka 99.

Wandugu, juu ya nini ninawaelezea haya? Wengi kati yetu, bankambo walitoka Kasai kuja kutumika mu mine za Katanga, zaidi tangu njia ya train ilipofika kule mwaka 1928. Inawezekana kati yetu kuna mujukuu wa musichana mumoja wa Pantops, na hajui.

Ndugu mumoja niliyetumika naye miaka 16 aliweka kidole ku karatasi ya mwisho wa kazi. Walimuambia ni hesabu ya feza zake. Alipotuletea tuisome, tulikuta mule ameandika kwamba amelipwa yote na hatadai tena kitu. Hakuwa mupumbavu. Alijua jiwe kuliko maenjinieri wengi. Kusoma ndiko kulikokosa.

Tunapofungua masomo ya watu wazima ya jioni, wababa wanasema wamezeeka, na wamama wanasema watachekwa. Maria Fearing alianza na miaka 33. Na wale wasichana wanaoosha mawe ku muto karibu na karieri saa ya masomo, hawana kamba mu shingo, lakini tuangalie vizuri nani anawashika. Mara nyingi ni sisi wenyewe, wazazi, juu ya franga kidogo ya unga. Mama mumoja aliuzisha nyumba yake yote ili watoto asiowazaa waache kuuzishwa. Sisi tuuzishe nini ili wetu wasome?