Elijah Masinde na Thamani ya Jasho
Marehemu Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alizaliwa Kimilili, Bungoma, mwanzoni mwa karne ya 20. Nadharia ya ugavi na mahitaji hudai kwamba uhaba wa vibarua hupandisha ujira. Hata hivyo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walowezi wa pande za Kitale walipohitaji vibarua, kanuni za mwaka 1942 ziliruhusu Waafrika washurutishwe kwenda mashambani. Masinde aliipinga shuruti hiyo. Alifungwa, akazuiliwa katika hospitali ya Mathari hadi 1947, kisha akahamishiwa Lamu mwaka 1948. Aliachiliwa 1961, akafariki 1987. Maisha yake yaonyesha upungufu wa nadharia hiyo: mfanyakazi asiyeweza kukataa kazi hana sauti katika ujira wake.