Burkitt na Uvimbe wa Taya

Kila nifikapo Kisumu na kuliona ziwa, humkumbuka marehemu Dakta Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja angali mtoto wa miaka 11. Hata hivyo akawa mpasuaji. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote. Kisu hakikufaa kitu.

Mwaka 1961 akanunua gari kuukuu, akasafiri maili 10,000 na wenziwe wawili, akiuliza hospitali baada ya hospitali iwapo uvimbe ule wajulikana. Safari gani hiyo, na barabara za siku zile! Akatambua kuwa huandama nchi za joto na mvua, zenye malaria, kama mwambao huu wa Nyanza. Nyanda za baridi hauonekani.

Mwaka 1964 wataalamu wa London waligundua kirusi katika chembe alizowapelekea. Leo twajua zaidi. Chembe za mwili hushikana kwa protini zilizo mfano wa kulabu, na protini nyingine huziamrisha zishike, ziachie au zihame. Chembe za uvimbe huu mara nyingi zina kulabu chache, basi askari wa mwili hukosa pa kuzikamatia.

Burkitt alijaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona. Alifariki mwaka 1993. Kisumu mama wangali wanaleta watoto wenye uvimbe ule, na wanaowahiwa wana matumaini.